Kuhesabu Viti, Kusikia Sauti: Jinsia, Jamii na Uraia katika Bodi na Kamati Zetu

Mashua za omena zinapofika ufuoni alfajiri, wengi wanaozisubiri ni wanawake. Wamesimama na karai na ndoo zao, fedha ya mtaji imefungwa kwenye pindo la leso. Hao ndio wanaonunua omena, wanaoianika, wanaoipakia kwenye magunia na kuifikisha soko la Kibuye na masoko mengine ya mbali. Lakini siku kamati ya ufuo inapokutana kuamua ada za ufuoni, mahali pa kuanikia na namna fedha za ufuo zitakavyotumika, hesabu hugeuka. Mara nyingi wengi walioketi huwa ni wanaume.

Jambo hili haliko ufuoni pekee. Liko katika bodi za kampuni za maji, za vyama vya ushirika, za SACCO na za shule, na pia katika bodi za kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kila mahali swali ni lile lile: je, wanaoamua wanawafanana wale wanaoguswa na uamuzi?

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini muundo wa bodi au kamati ni muhimu.
2. Sheria ya Kenya inasema nini kuhusu jinsia na jamii, na namna ya kuipiga hesabu yake bila kukosea.
3. Kwa nini uraia na asili ya wanachama ni jambo la maana kwetu tunaoishi kando ya ziwa la nchi tatu.
4. Namna mwananchi anavyoweza kupima kama viti vilivyojazwa vina sauti.

Somo linaweza kusomwa na mtu mmoja, lakini linafaa zaidi likisomwa na kikundi. Chukueni kalamu na karatasi, maana kuna hesabu ndani yake.

SEHEMU YA KWANZA: KAZI YA BODI

Bodi haifanyi kazi ya kila siku. Haivui samaki, haitengenezi mifereji, haiandiki risiti. Kazi yake ni kuamua shirika linaelekea wapi, kusimamia fedha, na kumwajiri na kumwajibisha yule anayeongoza shughuli. Kamati ya ufuo hufanya kazi hizo hizo kwa kiwango chake.

Bodi huamua kwa kutumia habari zilizofika mbele yake. Habari ambayo hakuna aliyeileta haiingii katika uamuzi, hata kama kila mtu nje ya mlango anaijua. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuchukue mfano. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili samaki wapate kuzaana. Tuseme kamati ina wenye mashua na wavuvi pekee. Watazungumza juu ya nyavu kushonwa, mashua kutiwa kalafati, na namna ya kuwazuia wanaovua kwa siri. Yote hayo ni ya lazima. Lakini mwanamke anayekausha omena anaiona miezi ile minne kwa jicho lingine. Yeye hana bidhaa ya kuuza, na mkopo aliouchukua kwenye chama unaendelea kudai kila wiki. Angekuwa kwenye kamati angeuliza mwezi wa Februari: je, tunaweza kuomba chama kisogeze tarehe za malipo? Je, tunaweza kukausha akiba ya kutosha kabla ya Aprili, na tutaihifadhi wapi isiharibiwe na mvua? Maswali hayo hayaji kwa sababu wanaume ni wabaya. Hayaji kwa sababu hakuna aliyelala kwenye kitanda hicho.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka bodi yenye watu mchanganyiko. Sababu ya pili ni haki. Anayelipa ada na kubeba hasara ana haki ya kushiriki katika kuamua.

SEHEMU YA PILI: SHERIA INASEMA NINI

Kisumu si mgeni wa jambo hili. Katika miaka ya 1960 Grace Onyango aliongoza manispaa ya Kisumu, akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa meya. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu Mjini walimpeleka Bungeni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge nchini, na katika uchaguzi ule alikuwa peke yake. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, aliwasilisha hoja Bungeni ya kutaka hatua maalum za kuongeza wanawake katika uongozi. Hoja hiyo ilikataliwa. Ilichukua miaka 13 zaidi hadi jambo hilo likaingia katika Katiba.

Haya ndiyo mambo makuu ambayo mwananchi anafaa kuyajua:

• Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 27(8), inaitaka Serikali ichukue hatua za kisheria na hatua nyingine ili wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa.

• Kifungu cha 197 kinaweka kanuni hiyo hiyo kwa bunge la kaunti na kwa kamati kuu ya kaunti. Kinataka pia jamii na tamaduni mbalimbali zilizomo katika kaunti zionekane katika vyombo hivyo.

• Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia katika utumishi wa kaunti wapewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo.

• Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja.

• Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka uteuzi wa wanachama wa bodi ya jiji uzingatie usawa wa jinsia, na uwape nafasi watu wenye ulemavu, vijana na makundi yaliyotengwa.

• Mashirika ya Serikali ya kitaifa yanafuata mwongozo wa utawala bora wa mwaka 2015 unaojulikana kama Mwongozo, unaotaka bodi ziwe na wanachama kati ya 7 na 9 na ziheshimu kanuni ya jinsia.

• Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zinaongozwa na kanuni za utawala bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2015, zinazotaka kila bodi iwe na sera ya kuhakikisha wanachama wake ni mchanganyiko.

Kampuni ya mtu binafsi au kikundi cha kujisaidia hakijawekewa idadi na Katiba kwa njia hii ya moja kwa moja. Lakini hakuna kinachowazuia wanachama kuiandika kanuni hiyo katika katiba yao wenyewe.

Namna ya kupiga hesabu

Makosa mengi hutokea hapa. Kanuni inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwa hiyo tunatafuta kwanza idadi ya juu inayoruhusiwa kwa jinsia moja. Gawanya idadi ya viti vyote kwa 3, kisha zidisha kwa 2. Ukipata desimali, idondoshe, usiipandishe, maana binadamu hakatwi vipande, na ukipandisha utakuwa umevuka theluthi mbili. Viti vinavyobaki ndivyo vya chini kabisa kwa jinsia nyingine.

Viti 5: jinsia moja isizidi 3, nyingine isipungue 2.
Viti 7: jinsia moja isizidi 4, nyingine isipungue 3.
Viti 9: jinsia moja isizidi 6, nyingine isipungue 3.
Viti 11: jinsia moja isizidi 7, nyingine isipungue 4.
Viti 13: jinsia moja isizidi 8, nyingine isipungue 5.
Viti 15: jinsia moja isizidi 10, nyingine isipungue 5.

Angalia vizuri kwamba kanuni haimtaji mwanamke wala mwanamume. Chama cha akina mama kikiwa na bodi ya watu 9 ambapo 8 ni wanawake, nacho kimevuka mpaka.

Tujaribu hesabu hii ufuoni

Kamati za ufuo, ambazo wengi wetu tunazijua kwa jina la BMU, zilipata nguvu ya kisheria nchini Kenya kupitia kanuni za mwaka 2007. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 nayo inazitambua. Nchi tatu za ziwa zilipooanisha miongozo yao, zilikubaliana kuwa kamati iwe na watu kati ya 9 na 15, na viti vigawanywe hivi: asilimia 30 wenye mashua, asilimia 30 wavuvi wanaofanya kazi ndani ya mashua, asilimia 30 wadau wengine kama wanaokausha na kukaanga samaki, waunda mashua na washona nyavu, na asilimia 10 wachuuzi wa samaki. Miongozo hiyo ikaongeza kuwa inapowezekana wanawake wasipungue watatu.

Watatu kati ya 9 ni theluthi moja kamili. Hapo hesabu inakubali. Lakini watatu kati ya 15 ni mmoja kwa kila watano. Kamati ya watu 15 yenye wanawake watatu imetimiza mwongozo wa nchi tatu, ila haijafikia kipimo cha Katiba ya Kenya. Inahitaji watano.

Kuna jambo la pili lililojificha katika mgawanyo huo. Wanawake wengi wa ufuoni ni wachuuzi, na wachuuzi wamepewa asilimia 10 tu. Katika kamati ya watu 9, hicho ni kiti kimoja. Viti vya wenye mashua na vya wavuvi kwa kawaida huenda kwa wanaume. Basi wanawake wengine watatoka wapi? Kwa sehemu kubwa watatoka katika lile kundi la wadau wengine. Mwanamke anayekausha omena na pia kuiuza akiandikwa katika daftari kama mchuuzi pekee, ataelekezwa kwenye foleni ya kile kiti kimoja, ilhali kazi yake ya kukausha ingemruhusu agombee mojawapo ya viti vya kundi kubwa zaidi. Ndiyo maana tunasema uchaguzi wa kamati huanza na daftari la wanachama, miezi mingi kabla ya siku ya kupiga kura. Hakikisha umeandikwa, na hakikisha umeandikwa kwa kazi zako zote.

Mlango wa kujaza pengo

Katiba ilipoandikwa, bunge la kaunti lilipewa njia ya kujaza pengo. Kifungu cha 177 kinasema kwamba baada ya uchaguzi wa wadi, ikiwa jinsia moja imezidi theluthi mbili, vyama hupewa viti maalum hadi hesabu itimie. Kwa sababu hiyo, bunge la kaunti hutimiza kanuni hata kama wapiga kura wa wadi wamechagua wanaume watupu.

Bunge la Taifa halikupewa mlango wa namna hiyo. Lina wanawake 47 wanaochaguliwa na kaunti, lakini viti hivyo havitoshi kufikisha theluthi. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba sheria ya kutekeleza kanuni hiyo ipitishwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ilipita. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Somo tunalopata ni rahisi, na linamhusu kila katibu wa kikundi. Kanuni isiyo na njia ya kuitekeleza hubaki kwenye karatasi. Katiba ya kikundi chenu isiseme tu kwamba jinsia itazingatiwa. Iseme: viti kadhaa vitapigiwa kura miongoni mwa wanawake wa kundi fulani, na pengo likitokea litajazwa ndani ya siku kadhaa kwa njia hii. Hapo hakuna atakayesema kuwa hawakupatikana.

SEHEMU YA TATU: MALI NA KITI

Tumeona kwamba asilimia 30 ya viti vya kamati ni vya wenye mashua. Hivyo, kuwa na mashua ni kuwa na njia ya kuingia kwenye kamati. Kutokuwa na mashua nako kuna gharama ambayo kando ya ziwa letu ina jina: jaboya. Mchuuzi asiye na mashua wala sauti hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki kabla ya wengine, na kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI vimeingia katika nyumba nyingi. Tunalitaja jambo hili waziwazi kwa sababu maafisa wa afya hawawezi kulimaliza peke yao. Nani anauziwa kwanza, kwa utaratibu gani na chini ya uangalizi wa nani ni mambo ambayo kamati ya ufuo inaweza kuyawekea kanuni.

Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, hapa Kaunti ya Kisumu, walianza mradi wa kumiliki mashua wao wenyewe, wakisaidiwa na shirika la VIRED la Kisumu na watu wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani. Waliwaajiri wanaume wavue, nao wakawa wenye mashua. Utaratibu uligeuka: mvuvi ndiye aliyekuja kutafuta kazi kwa mwanamke. Mradi ulipita katika mawimbi. Mashua za mbao huchakaa, na ziwa lilipofurika mwaka 2020 watu wa Nduru walilazimika kuhama. Lakini yaliyoonekana hayawezi kusahauliwa. Mwanamke akiwa na mali, hali ya kusubiri kwa unyonge hupungua, na njia ya kukaa kwenye kamati hufunguka.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka wanawake zaidi katika uongozi kiulize pia: sharti letu la kugombea ni lipi? Likiwa ni kuwa na mashua, hisa nyingi au hati ya shamba, basi wanawake wengi wameondolewa kabla ya kura kupigwa, hata kama hakuna aliyetamka neno la ubaguzi.

SEHEMU YA NNE: ZIWA MOJA, NCHI TATU

Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya maji ya Ziwa Viktoria. Uganda ina takribani asilimia 43 na Tanzania asilimia 51. Samaki hawajui mpaka. Mbuta aliyekulia upande mmoja huvuliwa upande mwingine.

Ndiyo sababu tarehe 30 Juni 1994, hapa hapa Kisumu, nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria. Makao yake yakawekwa Jinja, Uganda, na uamuzi wake mkuu hupitia baraza la mawaziri wa nchi zote. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, iliyo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake Kisumu, na ndani yake zimo pia Rwanda na Burundi, kwa kuwa mito inayotoka huko huishia ziwani kwetu.

Kwa nini mataifa yote yawe na kiti? Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa ziwa hili baada ya habari za samaki kuvuliwa kwa sumu upande wa Uganda. Viwanda vya kusindika mbuta viliumia katika nchi zote tatu. Kosa la upande mmoja lililipwa na wote. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kusema kwamba mambo ya ufuo wa jirani hayamhusu.

Kampuni za biashara nazo zimejifunza hivyo. East African Breweries, ambayo kiwanda chake cha bia cha Kisumu kilifunguliwa upya mwaka 2019, hisa zake zimeorodheshwa katika masoko ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Katika bodi yake wamewahi kukaa pamoja na Wakenya wakurugenzi kama Japheth Katto wa Uganda, aliyeongoza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya nchi hiyo, na John Ulanga wa Tanzania. Mwaka 2021 Jane Karuku akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi mkuu wa kundi hilo la kampuni. Kampuni inayouza katika nchi tatu inahitaji mtu anayejua kodi ya Uganda inavyofanya kazi na mnunuzi wa Mwanza anavyofikiri, na inamhitaji katika chumba cha uamuzi. Kumwita kama mgeni baada ya uamuzi kufanyika hakusaidii.

Sheria ya Kampuni ya 2015 haiweki idadi ya wakurugenzi kwa uraia. Hapa jambo linaachiwa busara ya wenye hisa. Lakini kwa vyombo vya umma vya hapa nyumbani, mahali pa uraia panashikwa na jamii. Jiji la Kisumu limekuwa la watu wa asili nyingi tangu reli ilipofika Port Florence mwaka 1901. Kuna Waluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi wa Kibos, Wakenya wa asili ya Kihindi na wengine wengi. Bodi ya shirika la umma ambayo wanachama wake wote wanaweza kuzungumza lugha moja ya mama ni bodi inayopaswa kujiuliza maswali. Na kamati ya ufuo ambayo nusu ya wavuvi wake wametoka mbali inapaswa kuuliza ni nani anayewasemea.

Wengine wamefika wapi

Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 inayotaka angalau asilimia 40 ya kila jinsia katika bodi za kampuni kubwa za umma. Kampuni zilipewa muda, na kufikia 2008 zilikuwa zimetimiza, kwa kuwa adhabu ya kukaidi ilikuwa kuvunjwa kwa kampuni. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo linalofanana na hilo kwa kampuni kubwa zilizoorodheshwa. Nchini Kenya, uchunguzi wa Taasisi ya Menejimenti ya Kenya ulionyesha kuwa wanawake katika bodi za kampuni za soko la hisa walipanda kutoka asilimia 21 mwaka 2017 hadi asilimia 36 mwaka 2021.

Je, faida ya kampuni huongezeka wanawake au wageni wakiingia? Hapa tuseme ukweli. Watafiti hawakubaliani. Wapo waliopata kuwa faida iliongezeka, wapo waliopata kuwa haikubadilika, na wapo waliosema ilipungua kwa muda. Anayekuahidi kuwa mwanamke mmoja katika bodi ataleta faida maradufu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Sababu za kutaka bodi mchanganyiko ni zile mbili tulizoanza nazo: bodi ipate habari ambazo isingezipata, na wanaoguswa wapate haki yao ya kuamua.

SEHEMU YA TANO: KITI NA SAUTI

Mtu anaweza kupewa kiti na asipewe sauti. Kuna kamati ambazo mwanamke huandikwa kuwa mweka hazina, lakini kitabu cha benki kiko nyumbani kwa mwenyekiti. Kuna nyingine ambapo jina lililo kwenye orodha ni la mke, na anayehudhuria ni mume. Kuna mikutano inayoitishwa saa nne asubuhi, wakati jua limetoka na omena imetandazwa, halafu husemwa kuwa akina mama hawana haja na uongozi.

Picha ya kamati ukutani haiwezi kukuonyesha haya. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano kinaweza. Mwanachama yeyote aombe kukisoma, kisha ajibu maswali haya kwa mikutano sita ya mwisho:

1. Waliohudhuria ni wangapi kwa kila jinsia? Usihesabu waliochaguliwa, hesabu waliokuja.
2. Ni hoja ngapi ziliwasilishwa na wanawake, vijana, watu wenye ulemavu au watu waliotoka jamii nyingine? Ngapi kati ya hizo zilipitishwa?
3. Nani hutia saini hundi? Je, kuna jinsia zote mbili?
4. Mikutano huitishwa saa ngapi, wapi na kwa lugha gani? Je, asiyejua Kiluo alitafsiriwa kwa Kiswahili?
5. Ni uamuzi upi uliobadilika kwa sababu ya jambo lililosemwa na mtu ambaye zamani hakuwa na kiti?

Swali la tano ndilo kubwa. Kama jibu ni hakuna hata mmoja, viti vimejazwa lakini kazi haijaanza.

MAZOEZI

Zoezi la 1. Kamati ya mradi wa maji ina watu 7: wanaume 5 na wanawake 2. Je, imetimiza kanuni ya theluthi mbili?

Zoezi la 2. Bodi ya SACCO ina watu 9: wanawake 7 na wanaume 2. Je, imetimiza?

Zoezi la 3. Kamati ya ufuo ina watu 12, watatu wakiwa wanawake. Ni wanawake wangapi wanaohitajika ili ifikie kipimo cha Katiba bila kuongeza viti?

Majibu

1. Hapana. Theluthi mbili ya 7 ni 4.67, kwa hiyo jinsia moja isizidi 4. Wanawake wanahitajika angalau 3.
2. Hapana. Jinsia moja isizidi 6. Wanaume wanahitajika angalau 3.
3. Theluthi mbili ya 12 ni 8. Wanaume ni 9, wamezidi kwa mmoja. Wanawake wanahitajika 4.

MASWALI YA KUJADILI

• Katika kikundi chenu, ni uamuzi gani wa mwaka uliopita uliowaumiza watu ambao hawakuwa na kiti? Wangekuwapo wangesema nini?
• Sharti la kugombea katika katiba yenu linamfungia nani nje?
• Je, kuna wavuvi, wachuuzi au wapangaji waliotoka kaunti nyingine au nchi jirani ambao wanalipa ada lakini hawajaandikwa kwenye daftari?

LA KUFANYA

Kabla ya uchaguzi ujao wa kamati yenu, fanyeni mambo matatu. Kwanza, fungueni daftari la wanachama na mlisahihishe, kila mtu aandikwe kwa kazi anazozifanya. Pili, pigeni hesabu ya viti kama tulivyojifunza, muiandike katika katiba yenu pamoja na njia ya kujaza pengo. Tatu, kubalianeni saa ya mkutano ambayo mkaushaji wa omena na mvuvi aliyekesha ziwani wote wanaweza kuja. Mkikwama, afisa wa uvuvi wa eneo lenu na ofisi ya msimamizi wa wadi ni pa kuanzia.

Kisha, kamati mpya ikishaketi, mmoja wenu asome kitabu cha kumbukumbu kila baada ya miezi mitatu na kuwasomea wengine. Ndipo kila mwanachama atajua nani alikuja, nani alisema, na nani alisikilizwa.